Ndumiko, Sindano na Karatasi

Daktari anayeandika ripoti ya makovu kwa ajili ya kesi ya ukimbizi huwa na karatasi yenye mchoro wa mwili mtupu, mbele na nyuma. Kila kovu hulipima kwa rula, akalitia alama mahali pake kwenye mchoro, kisha akauliza limetokana na nini. Katika miili ya watu wa pwani ya Kismayo, kusini mwa Somalia, yapo makovu yasiyo na uhusiano wowote na bunduki wala rungu. Ni vistari vifupi, vyembamba, vimekusanyika kati ya mabega au juu kidogo ya kiuno, vikiwa vimelingana kama vile vilivyopigwa na mkono uliotulia. Hizo ni chale za kuumikwa. Msomali wa bara naye huja na alama zake, madoa ya mviringo ya kuchomwa moto kwa kutibu ini au kifua. Daktari hulazimika kutenganisha kovu la tiba na kovu la kipigo, maana kesi nzima inaweza kuegemea hapo.

Mbajuni, mtu wa pwani hiyo na visiwa vyake, mwenye mgongo huo hana haja ya kuelezwa chale zilipatikanaje. Ndumiko ni pembe ya ng'ombe iliyokatwa, yenye mdomo mpana upande mmoja na kitundu upande wa ncha. Mgonjwa hukaa mkekani akampa mgongo muumishi. Muumishi hupapasa kwa vidole mpaka mgonjwa ashtuke, kwa kuwa hapo ndipo penyewe. Hupapaka mafuta, akaitega pembe, akafyonza hewa kwa kinywa kupitia kile kitundu, na kabla hajaondoa midomo hukiziba kwa kipande cha nta alichokuwa amekificha ulimini. Ngozi hupanda ndani ya pembe. Baada ya dakika kadhaa pembe hubanduka kwa mlio mdogo, na mahali pale pamevimba na kuiva. Wembe hupita juu juu, chale fupi fupi, kisha pembe hurudishwa palepale. Safari hii hujaa damu nzito, na wanaotazama husema ndiyo hiyo iliyokuwa ikimsumbua.

Kazi hii ina nadharia yake, na Waswahili wote huitamka bila kujua. Mtu akiumwa na viungo huambiwa ana baridi yabisi. Maneno hayo mawili, ubaridi na ukavu, yametoka moja kwa moja katika tiba ya kale ya Kiyunani iliyopitia kwa Waarabu, ile inayouona mwili kuwa ni mizani ya damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Mvuvi wa kisiwa cha Chovai aliyelala usiku kucha katika mashua yenye maji sakafuni, akaamka kiuno hakigeuki, husema ameingiwa na baridi, na anayemtibu huitafuta ile baridi ilipojikita ili aitoe. Ni mfumo wa fikra uliokamilika, una karne nyingi, na umevuka bahari zaidi ya mara moja.

Swali la makala hii ni jinsi utaalamu wa namna hiyo unavyovuka bahari siku hizi, na nani anaruhusiwa kuuvusha. Kila mwaka vijana wa Afrika Mashariki huulizia namna ya kwenda nje kusomea na kufanya kazi ya sindano za Kichina, hijama na tiba mbadala kwa jumla. Pwani hii ya kaskazini ina mfano wake maarufu, na mfano huo unafundisha mengi kuliko watu walivyotaka kuona wakati ulipotangazwa.

Mwaka 2005 China iliadhimisha miaka 600 tangu amiri Zheng He ang'oe nanga kwa safari yake ya kwanza ya Bahari ya Magharibi. Katika wageni walioalikwa mjini Taicang, mkoa wa Jiangsu, mahali zilipokusanyika zile merikebu, alikuwamo msichana wa Siyu, kisiwa cha Pate nchini Kenya, aitwaye Mwamaka Sharifu. Familia yake ilikuwa ikisimulia kwamba ina damu ya mabaharia wa Kichina. Magazeti ya China yalimwita binti wa China, serikali ya huko ikampa ufadhili, naye akaenda Nanjing kujifunza lugha kwanza na kisha tiba ya jadi ya Kichina. Baadaye aliendelea na masomo ya juu ya utabibu huko Wuhan.

Hadithi ya Siyu inasema merikebu ilivunjika karibu na Shanga. Walionusurika walifika ufukweni, wakakuta kijiji kinasumbuliwa na joka kubwa, mmoja wao akaliua, na kwa ajili hiyo wakaruhusiwa kukaa. Wakasilimu, wakaoa, na Shanga ilipohamwa vizazi vyao vikahamia Siyu. Wapo wanaoongeza kwamba hata jina la Shanga limetoka Shanghai. Hilo la mwisho halisimami: mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga miaka ya 1980 na kukuta makazi na msikiti wa tangu karne ya 8, mamia ya miaka kabla ya Zheng He kuzaliwa. Mji huo ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15, wakati uleule wa safari za Wachina, na pengine ndiyo sababu simulizi mbili zikashikana. Vigae vya Kichina vimejaa katika magofu ya pwani yote, na mwaka 2013 sarafu ya enzi ya mfalme Yongle, bwana wake Zheng He, ilitangazwa kupatikana Manda, jirani na Pate. Wapiga mbizi wa China na Kenya waliitafuta merikebu yenyewe kuanzia mwaka 2010. Haijaonekana.

Iwe kweli au isiwe, hadithi ile ilifanya kazi iliyoshinda cheti chochote. Si haki kumlaumu msichana aliyepata nafasi akaishika kwa mikono miwili, akakaa miaka na miaka katika nchi ya baridi akijifunza maelfu ya herufi. Anastahili heshima kwa uvumilivu huo. La kutazamwa ni mlango wenyewe. Ulifunguka kwa sababu dola kubwa ilikuwa na haja ya hadithi ya nasaba, na mwenye nasaba hiyo akatokea kuwa upande wa Kenya, mwenye shule ya sekondari na pasi ya kusafiria.

Upande huo ni jambo la bahati. Mwaka 1925 Waingereza waliikabidhi Jubaland kwa Waitaliano, na mstari ukapigwa kukata visiwa vya watu wa lugha moja. Faza, Kizingitini na Kiwayu zikabaki Kenya. Koyama, Ngumi, Chovai na Chula zikaenda pamoja na Kismayo. Watu wameendelea kuoana, kuvua na kuzikana kuvuka mstari huo, lakini mtoto wa Chula na mtoto wa Pate hawajapata tena kuwa na karatasi sawa.

Yapo mambo ambayo mwanafunzi wa pwani akiyakuta darasani Nanjing hayatamshangaza kama yanavyowashangaza Wazungu. Tiba ya Kichina inasema maumivu ya viungo huletwa na upepo, ubaridi na unyevu vinapoziba njia mwilini, na mjukuu wa muumishi amesikia maneno ya jamaa hiyo tangu utotoni. Kipimo nacho atakitambua. Vituo 361 vya sindano havipimwi kwa sentimita. Hupimwa kwa kipimo kiitwacho cun, ambacho ni upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe, na vidole vyake vinne vikibanwa pamoja huhesabiwa cun tatu. Kituo cha Zusanli, mojawapo ya vinavyotumika zaidi, kiko vidole vinne chini ya goti na kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi. Fundi wa mashua anayepima ubao kwa wanda, shibiri na dhiraa anafanya hesabu hiyohiyo.

Sindano yenyewe ni nyembamba kiasi cha robo ya milimita. Mikono iliyozoea huipenyeza kwa pigo moja dogo la kidole juu ya kijineli, kisha huizungusha taratibu mpaka mgonjwa aseme amehisi uzito, au ganzi, au kitu kama mkondo unaoshuka mguuni. Wachina huhesabu kwamba hapo ndipo tiba imeanza. Watu wa visiwani nao wameona mwanamke mzee akipapasa mgongo mpaka mtu ashtuke.

Wachina hawakusubiri Waafrika wawafuate. Timu yao ya kwanza ya madaktari barani ilikwenda Algeria mwaka 1963. Mwaka uliofuata nyingine ikatua Zanzibar, na tangu hapo mkoa wa Jiangsu, ambao mji wake mkuu ni huohuo Nanjing, ndio umekuwa ukileta madaktari Unguja na Pemba kwa zamu. Mgonjwa aliyepigwa na kiharusi, au mwenye mgongo, amekuwa akichomwa sindano hospitali ya Mnazi Mmoja kama huduma ya kawaida, kabla watalii wa Ulaya hawajaanza kuililia tiba hiyo hotelini.

Somalia nayo ilikuwamo tangu mwanzo kabisa. Madaktari wa China walifika mwaka 1965, na timu za aina hiyo kwa kawaida zilikuwa na mtaalamu wa sindano miongoni mwao. Mwaka 1977 hospitali ya Banadir, iliyojengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya akina mama na watoto, ikafunguliwa Mogadishu. Halafu Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka, Wachina wakaondoka, na ubalozi wao haukurudi mpaka 2014. Kwa robo karne nchi ile ilikuwa na sindano zilizoletwa na dola moja na kupokewa na dola nyingine. Dola ilipokufa, sindano zilikwenda zake. Ndumiko ilibaki, kwa sababu haikuwa imeletwa na dola.

Vita vilipowafikia Wabajuni, waliokuwa na mashua walipakia watoto wakashuka kusini. Hawakuwa na jeshi wala ukoo wenye silaha, na kila kundi lililopita Kismayo liliwapora. Wengi waliishia kambi ya Jomvu, nje ya Mombasa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kambi za pwani zilifungwa. Baadhi walirudishwa visiwani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, wakakuta wenye bunduki wamekwisha kujimilikisha bahari na mapato yake. Wengine walijipenyeza katika mitaa ya Mombasa. Wachache wakaendelea hadi Ulaya.

Huko Ulaya nasaba yao pia iliulizwa, ila kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 2004 baraza la rufaa za wahamiaji la Uingereza lilitoa mwongozo wa kesi za Wabajuni na uwezo wa kusema Kibajuni. Mwombaji aliulizwa majina ya visiwa, aina za samaki, koo. Alirekodiwa kwenye simu akiongea, na mtaalamu asiyemwona alitoa hukumu kama hicho ni Kibajuni cha Somalia au Kiswahili cha Kenya. Aliyesema mchu alikuwa na nafasi, na aliyesema mtu, kwa kuwa amelelewa Jomvu tangu ana miaka mitatu, alikuwa mashakani. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi za Wasomali zilizotoka Scotland, ilizikosoa ripoti za lugha za namna hiyo kwa kuvuka mipaka ya kile mchambuzi wa lugha anachoweza kukijua.

Kwa hiyo katika miaka ileile kumi, pwani moja ilitoa watu wawili wenye madai ya nasaba. Mmoja alipokewa kwa maua na ufadhili. Mwingine alikaa chumba cha mahojiano akijaribu kukumbuka bibi yake alimwitaje papa. Na pengine bibi huyo alikuwa muumishi, na mjukuu ana mikono yake.

Je, mikono hiyo ingeweza kumlisha London au Birmingham? Kwa kushangaza, akishakubaliwa kukaa, sheria ya Uingereza haimzuii. Cheo cha mtaalamu wa akupancha, yaani sindano za Kichina, hakilindwi na sheria pale. Mwenye kutoboa ngozi za watu kwa ujira kwa kawaida hutakiwa kusajiliwa au kupewa leseni na halmashauri ya mtaa, na wakaguzi hutazama usafi. Wanaotaka kuaminiwa zaidi hujiunga na Baraza la Akupancha la Uingereza, lililoundwa mwaka 1995, ambalo hudai mafunzo ya kiwango cha shahada. Marekani ni tofauti, kwa kuwa karibu kila jimbo lina leseni yake, na kwa kawaida hudai mtihani. Dubai na Saudi Arabia zimeitambua hijama rasmi na kuiwekea leseni, ambayo haitolewi bila vyeti.

Na hijama ni nini? Ni kuumika. Vikombe ni vya plastiki na vina pampu badala ya kinywa na nta, wembe hutoka katika pakiti, na juu ya mlango limeandikwa neno la Kiarabu lenye heshima ya hadithi za Mtume. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam mabango ya hijama yamejaa. Vijana huhudhuria kozi fupi, wakapewa cheti, wakafungua chumba. Wengi hufanya kazi nzuri na safi. Lakini mwanamke wa Kibajuni aliyeumika watu kwa miaka 40, anayejua kwa kugusa mgongo upi usiguswe, haitwi hata kwenye hiyo kozi, si kama mwalimu wala kama mwanafunzi. Neno lake ni la Kiswahili, chombo chake ni pembe, naye hana karatasi. Huo ni upotevu, na unatokea sasa, wakati wazee wa namna hiyo wanazikwa mmoja mmoja katika makaburi ya Kisauni mjini Mombasa na ya Kismayo.

Msomaji asielewe kwamba kila cha kale kinatetewa hapa. Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mwanamke mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Visiwa vya Wabajuni vina sifa ya karne nyingi kwa kuvua kasa kwa chazo, yule samaki anayejigandisha, na wazee husifu mafuta yake kwa kifua na pumu. Sumu ya kasa haina ladha wala haiondoki kwa moto. Kadhalika wembe mmoja uliopita migongo mitano unaweza kusambaza homa ya ini ya B na virusi vya UKIMWI kwa watu wote watano, na muumishi anayefyonza kwa kinywa yuko hatarini mwenyewe. Sindano ya Kichina ikizamishwa vibaya kifuani hutoboa pafu. Hizi si hofu za wazungu. Ni mambo ambayo kila mtabibu mwaminifu wa jadi huyakubali mara anapoonyeshwa.

Faida nayo isemwe kwa kipimo. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, mwaka 2016 iliiondoa akupancha kwenye tiba za maumivu ya kiuno, kwa kuwa majaribio yalionyesha kwamba haikuishinda vya kutosha sindano ya bandia. Taasisi hiyohiyo mwaka 2021 ikaikubali kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine. Anayesafiri kwenda kujifunza kazi hii ajue hivyo: atasaidia watu wengi wenye maumivu, hatatibu saratani, na atakayemwambia mgonjwa wa kisukari aache insulini atamuua. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu, aliyewachunguza wateja wa kliniki za Kichina Tanzania, aliandika mwaka 2002 jinsi walivyosifu dawa za Kichina kwa kufanya kazi haraka. Sifa hiyo ina maelezo yake. Miongoni mwa dawa zilizouzwa katika kliniki hizo vilikuwamo vidonge vya malaria vyenye nguvu ya pakanga ya Kichina.

Mmea huo una kisa kinachoihusu pwani hii moja kwa moja. Katika karne ya 4 tabibu wa Kichina Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa za vipindi aloweke majani yake katika maji, ayakamue na anywe. Kitabu kikakaa. Vita vya Vietnam vilipokuwa vikali na malaria ikiua askari, China ilianzisha mradi wa siri mwaka 1967, na mtafiti Tu Youyou akapekua maandishi ya kale mpaka akafika kwenye sentensi ile. Akagundua kwamba Ge Hong hakutaja kuchemsha. Akatoa dawa kwa njia isiyo na joto kali, ikafanya kazi, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo watoto wa Jubaland wanaomeza dawa mseto ya malaria wanameza matunda ya sentensi moja iliyohifadhiwa miaka 1,600.

Ni nani ameandika sentensi za Kibajuni? Hapana sababu ya kudhani pwani hii haikuwa na kalamu. Siyu ilikuwa mji wa wanachuoni na wanakili wa misahafu, wenye kutia wino mwekundu na mweusi kwa mkono uliopimwa. Vitabu vya tiba kwa hati za Kiarabu vimekuwapo majumbani. Lakini maarifa ya ndumiko, ya kuchua, ya kuunga mfupa na kumgeuza mtoto tumboni yalikuwa zaidi mikononi mwa wanawake na wavuvi, na hayakuingia katika misahafu wala vitabu. Wataalamu wa lugha, Derek Nurse mbele yao, wamekiandika Kibajuni kwa bidii ya kusifiwa. Idadi ya waliokaa na waumishi wa Koyama wakaandika wanachokifanya, kwa nani, na mgonjwa aliishaje, ni ndogo mno kulingana na kinachopotea.

Ndipo hoja ya kwenda ng'ambo inapogeuka. Kijana wa Kismayo anayetaka kusomea sindano asaidiwe kwenda, na asaidiwe kwa njia ya wazi. Nanjing imewafundisha wageni akupancha tangu 1975, na ufadhili wa serikali ya China upo kila mwaka kwa wanaouomba na kuchaguliwa. Hauhitaji babu aliyevunjikiwa merikebu. Kinachohitajika ni shule ya sekondari inayofika mwisho na pasi inayokubalika, na hayo mawili ndiyo watoto wa visiwa wanayokosa kuliko wenzao wa koo kubwa. Utawala wa Jubaland, uliopo tangu 2013, ukigawa nafasi za masomo bila kuwakumbuka Wabajuni, utakuwa umewafungia mlango kwa mara nyingine.

Aliyekwenda akarudi na shahada, atue wapi? Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, na baraza linalosajili waganga, wakunga wa jadi na kliniki. Baraza hilo lina mapungufu yake, na matangazo ya uongo bado yapo redioni, lakini mwananchi ana pa kupeleka malalamiko. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 iliitambua tiba ya jadi na kulitaka Bunge litunge sheria ya kuisimamia. Lamu na Mombasa zina kila sababu ya kuidai kazi hiyo ikamilike, kwa kuwa ndiko waliko waumishi wengi waliokimbia Kismayo. Kwa upande wa Somalia hatua inaweza kuanza chini zaidi: Hospitali Kuu ya Kismayo, ambayo Msalaba Mwekundu wa Kimataifa umekuwa ukiisaidia, inaweza kuwaita waumishi na wakunga wa mji na visiwa siku mbili, ikawasikiliza kwanza, ikawafundisha usafi wa vyombo na dalili za mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, ikawapa vikombe vya pampu na daftari la kuandika kila waliyemhudumia. Kwa asiyejua kusoma, mjukuu ataandika.

Daftari hilo ndilo kijana wa baadaye angeweza kwenda nalo Nanjing, na walimu wake wakapata la kujifunza.

Mwezi Mei kusi likishika, bahari kati ya Kismayo na Chula huwa chafu na mashua nyingi hupandishwa pwani. Mvuvi aliyeumia mgongo wakati wa kuzivuta hawezi kufika hospitali, naye huenda nyumba ya tatu kwa mama mwenye ndumiko. Mama atampapasa, atapata mahali, atapaka mafuta. Kisha atanyoosha mkono kuchukua wembe. Kama wembe huo utatoka kwenye kopo la jana, au utafunguliwa mpya kutoka katika karatasi yake mbele ya macho ya mgonjwa, ni jambo linaloweza kupangwa Kismayo mwaka huu, kabla ya mwanafunzi yeyote kupanda ndege.